Mama Eve Akagua Maua ya China

Siku Muthoni alipotua uwanja wa ndege wa Arlanda, Stockholm, kwa mara ya kwanza, mumewe Mwaura alitaka kumpokea kistaarabu. Alikuwa ametangulia Sweden miaka miwili kwa masomo, akawaona Waswidi wanavyopokeana pale uwanjani, naye akanunua shada la mawaridi mekundu lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Muthoni akatokea mlangoni na mkoba begani na binti yao Eve, wa miaka mitatu, amelala mgongoni. Akalipokea lile shada, akaligeuza kichwa chini miguu juu, akatazama mashina.

"Arobaini," akasema.

"Arobaini nini?"

"Sentimita. Na hili la katikati lilikatwa limeshafunguka sana. Kesho kutwa litainamisha shingo." Kisha macho yakaangukia kijikaratasi kilichobandikwa ubavuni, akasoma neno Kenya. Akacheka hadi mtoto akaamka analia. "Wee, Baba Eve! Nimeacha kazi Ijumaa, nimekaa kwenye ndege siku nzima, halafu wewe umeninunulia kazi ileile?"

Tangu siku ile, miaka ishirini na moja, Mwaura hakumnunulia mkewe ua tena. Alinunua sufuria, alinunua mablanketi, mwaka mmoja alinunua mashine ya kusafisha zulia, ikapokewa kwa furaha kubwa. Ua, hata. Mtu hawezi kutoa zawadi ikapimwa mbele yake.

Na kwa kweli Muthoni hakuwa na nia mbaya. Miaka saba kabla ya kuja Sweden alifanya kazi katika shamba moja la mawaridi karibu na ziwa la Naivasha, kwenye banda la kupangia maua. Alisimama mbele ya ubao wenye mistari ya vipimo, waridi likafika mkononi mwake, na kabla hujapepesa jicho alishajua urefu wake, ukubwa wa tumba, unyoofu wa shina, na kama kuna ukungu umejificha kwenye petali. Hili sitini. Hili hamsini. Hili takataka. Mawaridi elfu kadhaa kwa siku. Jicho la namna hiyo ukishalipata huliachi getini. Alipoajiriwa usafi kule Arlanda, jicho lilimfaa: aliona alama ya kidole kwenye kioo akiwa hatua kumi mbali, na msimamizi wake akawa anawaambia wageni kazini wamfuate Muthoni wajifunze. Lakini nyumbani kwake Märsta, mji mdogo jirani na uwanja huo, hapakuwa na ua, hata la plastiki.

Hapo ndipo alipotofautiana na rafiki yake Getrude. Getrude ni Mtanzania, mkaazi wa mtaa wa Tensta, Stockholm, anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na anapenda maua kupita kiasi. Roshani yake ina vyungu vingi mpaka mumewe akitaka kuvuta hewa hukaa ndani na kufungua dirisha. Getrude ndiye aliyeanzisha kikundi cha akina mama wanaozungumza Kiswahili, Wakenya na Watanzania pamoja na Concessa wa Burundi anayechanganya na Kifaransa chake. Wanakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Na kila mwisho wa Aprili Getrude huwakokota wote kwenda Kungsträdgården, katikati ya mji, kutazama miti ya cheri ikichanua.

Muthoni alikwenda kila mwaka. Alibeba chupa ya chai, akabeba mandazi, akakaa kwenye benchi kulinda mikoba ya wenzake huku wao wakijipiga picha chini ya yale mawingu ya rangi ya waridi.

"Mama Eve, njoo basi hata picha moja!" Getrude alikuwa akimwita. "Jamani, mtu gani asiyependa maua?"

"Nayapenda," Muthoni alijibu akimenya yai. "Yataanguka Jumatano."

Na Jumatano yalianguka. Getrude hakumsamehe upesi.

Sasa Eve. Yule mtoto wa mgongoni alikua, akasoma Märsta, akaenda chuo kikuu cha Stockholm na kuchagua kusoma Kichina, jambo ambalo mama yake alilieleza kanisani kwa fahari na nyumbani kwa mashaka. Mwaka wake wa mwisho akapelekwa kusoma Kunming, kusini magharibi mwa China. Muthoni alipotimiza miaka hamsini na tano, Eve na baba yake wakala njama. Asubuhi ya siku ya kuzaliwa, Mwaura akamwekea mkewe bahasha kando ya kikombe. Ndani mlikuwa na tikiti ya ndege.

Muthoni akapiga simu Kunming papo hapo. "Eve! Nitauona ule ukuta mkubwa wa China?"

"Ukuta uko mbali sana, mama," Eve akamjibu kwa Kiswidi, kama alivyozoea. Mama anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiswidi, na miaka yote hiyo hakuna aliyeona ajabu. "Lakini Kunming ndio mji wa maua. Kuna bustani kila mahali. Nimeshakupangia, kila siku bustani moja."

Muthoni akaweka kikombe chini. Akamtazama Mwaura, na Mwaura akapata shughuli ya haraka sana kwenye sinki.

"Kila siku," Muthoni akarudia.

"Siku kumi!" Eve akasema kwa furaha.

Basi akaenda. Kikundi kilimsindikiza kwa kofia pana ya jua iliyochaguliwa na Getrude, yenye ua kubwa la kitambaa pembeni, naye akaivaa kwa heshima mpaka alipopita ukaguzi wa mizigo, akaivua na kuitunza kwa siku za jua kali.

Bustani ya kwanza ilikuwa ile ya ziwa iliyo katikati ya mji, inayoitwa Cuihu. Muthoni alikuwa amejiandaa kustahimili maua, kumbe lililomsubiri lilikuwa watu. Wazee waliostaafu walijaa pale tangu asubuhi: huyu anapiga zumari, yule anaimba na kipaza sauti chake mwenyewe, na akina mama kama thelathini waliovaa fulana nyekundu wanacheza kwa safu. Walipomwona Muthoni wakaacha kucheza. Mmoja akamgusa nywele zilizosukwa, akaomba radhi, akagusa tena. Wakapanga foleni kupiga naye picha.

"Eve, wanasema nini?"

"Wanasema wewe ni mrembo. Na huyu anauliza una miaka mingapi."

"Mwambie hamsini na tano."

Eve akawaambia, na yule mama akapiga kelele, akaonyesha kwa vidole kwamba yeye ana sabini na mbili, kisha akainua mguu mpaka ukafika juu ya ukuta wa daraja, kuthibitisha. Muthoni hakukubali kushindwa na mtu mwenye fulana. Alimpa Eve mkoba, akamshika yule mama kiuno kutoka nyuma, akawaashiria wengine washikane hivyohivyo, akaanza kuwaendesha kwa mwendo wa mugithi, ule mchezo wa Wakikuyu wa kuunganika kama mabehewa ya gari moshi. Mama thelathini wa Kunming wakazunguka sehemu ya ziwa wakicheka, na mzee wa zumari akajitahidi kuwafuata. Maua yalikuwepo pia, kando ya maji. Hakuna aliyeyatazama.

Siku ya pili Eve akampeleka kwenye barabara moja maarufu. Alimfumba macho kwa kiganja hatua za mwisho, akamfumbua. Pande zote mbili za barabara miti ilikuwa imechanua rangi ya zambarau, matawi yamekutana juu kama paa, na chini watu mamia wameinua simu. Wengine walikuwa wamechutama kwenye lami kupiga picha maua yaliyoanguka.

Muthoni akatazama juu. Akatazama chini. Akamtazama binti yake.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii si ni jakaranda?"

"Ndiyo! Imeletwa kutoka ng'ambo miaka mingi..."

"Eve. Umenitoa Märsta, nimebadilisha ndege mara mbili, nimevimba miguu, uje unionyeshe jakaranda? Hii si ndiyo ile ya Nairobi inayochafua magari?"

Eve akabana midomo. Alikuwa hajarudi Nairobi tangu akiwa darasa la tano, na jakaranda hakuikumbuka kabisa. Akamwambia mama yake asimame hapo, angalau picha moja ya kumpelekea baba. Muthoni akasimama. Picha ilipotoka, uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri basi.

Wakaenda hivyo siku ya tatu na ya nne. Kila bustani Eve alisoma historia kwenye simu, na kila bustani Muthoni aliitolea hukumu. Haya yamemwagiliwa adhuhuri, ona yalivyoungua. Haya yamebanana mno. Huyu aliyepogoa hapa alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Hakuwa na hasira, alikuwa anajifurahisha kwa namna yake, lakini Eve alizidi kupungua maneno.

Siku ya tano yakatokea yaliyotokea. Ilikuwa kwenye maonyesho ya maua ya majira ya kuchipua, bustani kubwa ya kulipia, na kivutio chake kilikuwa tausi wa ghorofa mbili aliyeundwa kwa maua matupu. Mkia ulikuwa wa mawaridi, maelfu, yamepangwa rangi kwa rangi. Watu walikuwa wakisukumana kupata nafasi. Eve akaenda kununua maji. Aliporudi akasikia filimbi.

Mama yake alikuwa amevuka kamba. Alisimama kwenye mkia wa tausi mpaka magotini, mkono mmoja umeshika waridi, mwingine unachuma, na mfuko wa koti lake umetuna kwa vichwa vya maua vilivyooza. Mlinzi, mwanamke wa makamo mwenye kitambaa chekundu kilichofungwa mkononi, alikuwa anapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, na watu wapatao mia wameacha kumpiga picha tausi, wanampiga picha Muthoni.

"Mamma!" Eve akapiga kelele.

"Ni ukungu!" Muthoni akajibu bila kugeuka. "Ule wa kijivu! Ukiuacha leo, kesho kutwa mkia wote umekwisha! Mwambie!"

Eve akaomba radhi kwa Kichina, akainama, akaomba tena. Mlinzi akaitoa filimbi mdomoni. Akaangalia yale maua yaliyotoka mfukoni, akaliinua moja kwenye mwanga, akageukia sehemu ya mkia ambayo Muthoni alikuwa ameshapita. Kisha akauliza kitu.

"Anasema nini? Nitafungwa?"

"Anauliza," Eve akasema, "unafanya kazi bustani gani."

Wakaachwa waende. Wakakaa kwenye benchi nyuma ya kibanda cha kuuzia barafu, na hapo Eve akashindwa kujizuia.

"Siku tano," akasema kwa Kiswidi, chozi likimtoka. "Nilihifadhi orodha hii tangu Oktoba. Nilitaka uone kitu kizuri, mara moja tu, bila kukikagua. Mimi nakuonyesha maua, wewe unaona kazi. Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Nikichuma maua ya njiani nikiwa mdogo, uliniambia niyaache nje."

Muthoni akaguna. Alitoa kitambaa akampa binti yake, kisha akakitazama kile kiatu chake kilichochafuka udongo wa mkia wa tausi.

"Tulikuwa tunapekuliwa," akasema.

"Wapi?"

"Getini, pale shambani. Kila jioni tukitoka. Mkoba, mifuko, hata kilemba unafungua. Maua yalihesabiwa yote, hata yale ya kutupa yalikuwa na mahali pake pa kutupwa. Miaka saba nimeshika mawaridi, Eve, sikuwahi kuwa na moja. Sasa siku niliyojua nina mimba yako, sijamwambia mtu bado, hata baba yako, nilikuwa na furaha nikaona leo lazima niende na moja. Likaja moja limepinda shingo, la kukataliwa. Rangi ya waridi hafifu. Nikajifanya nafunga kiatu, nikaliingiza kwenye gamubuti langu, lile buti refu la mpira."

"Kwenye gamubuti?"

"Na miiba yake! Kila hatua linanichoma. Natembea hivi." Akainuka kumwonyesha, anachechemea mbele ya kibanda cha barafu kama bata. "Mwenzangu ananiuliza, Muthoni, una nini? Namwambia nina gauti. Nimefika karibu na geti nikamwona askari wa kupekua. Nikakimbilia chooni, nikalitoa, nikalitumbukiza. Nikaenda nyumbani mguu unavuja damu na sina ua."

Eve alianza kucheka kabla hajamaliza kulia, na vyote viwili vikamtoka puani. Muthoni naye akacheka. Muuza barafu akafikiri wanamwita.

"Basi mimi nikiona ua," Muthoni akasema alipokaa tena, "naona tu lile litakalokataliwa. Sijui kutazama vingine. Sikufundishwa."

Usiku ule Eve alifuta bustani iliyofuata kwenye orodha yake, na kesho yake mchana akampeleka mama yake pembezoni mwa mji, kwenye soko la maua la Dounan. Hakumwambia wanakwenda kuona nini.

Lilikuwa banda ambalo mwisho wake hauonekani. Pikipiki za magurudumu matatu ziliingia zimepakia maua mpaka dereva haonekani. Maji yalitiririka sakafuni, mikasi ililia kila upande, watu walipiga kelele za bei. Na pale kando, kwenye kigoda, alikaa mwanamke mwenye aproni ya buluu na glavu nene, lundo la mawaridi mbele yake, anayapanga kwa urefu. Eve alikuja kujua baadaye kwamba anaitwa Yang.

Muthoni akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama refa. Dakika ya kwanza hakusema kitu. Ya pili akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Ya tatu akanyoosha kidole, akaonyesha shina moja kwenye fungu la kulia.

Yang akainua macho. Akalichomoa lile shina, akalilaza kwenye ubao wake wa kupimia, akaona limepungua kidole kimoja. Akamtazama huyu mgeni mrefu mwenye kofia ya ua la kitambaa. Akaangua kicheko kilichowageuza majirani wote, akasogea kumpa nafasi kwenye kigoda, akavua glavu moja na kumpa.

Walikaa pale saa mbili. Mwanzoni Eve alitafsiri, baadaye wakamwona anawachelewesha. Walibishana kuhusu tumba moja, limefunguka sana au bado, kila mmoja kwa lugha yake, na wote wawili wakaelewana vizuri kabisa kwamba mwenzake amekosea. Muthoni alimwonyesha Yang namna ya kuondoa majani ya chini kwa mkupuo mmoja bila kukwaruza shina. Yang akamwonyesha namna ya kufunga ishirini kwa kadibodi, safu mbili, vichwa visigusane. Muthoni akajaribu, likafunguka, akajaribu tena. Jirani mmoja akaleta chai, mwingine mbegu za alizeti. Eve alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama mama yake. Alimjua na fagio, na mashine ya sakafu, na sufuria. Mikono hii yenye kasi namna hii alikuwa hajawahi kuiona.

Walipoaga, Yang akachagua fungu moja, mawaridi ya rangi ya waridi hafifu, akalifunga mwenyewe na kumwekea Muthoni kifuani. Muthoni akakataa mara mbili, mara ya tatu akapokea.

Kwenye lango la kutokea alisimama askari wa soko, mzee, anatazama magari. Muthoni alipomfikia akasimama. Bila mtu kumwambia, akaweka fungu chini, akafungua mkoba wake wote wazi, akauinua mbele ya yule askari.

Askari akachungulia. Ndani mlikuwa na pasipoti, kitambaa, na pakiti ya biskuti. Akafikiri anakaribishwa. Akachukua biskuti moja, akashukuru kwa kichwa, akaila.

Muthoni akabaki na mkoba wazi. Eve akamwokotea maua yake, akamshika mkono, wakatoka. Walitembea mpaka kituo cha treni, na njiani Muthoni akawa anacheka kidogo, anafuta macho, anacheka tena. "Amekula biskuti," alisema. "Eve, amekula biskuti yangu." Chumbani kwa Eve hakukuwa na chombo cha maua, wakayatia kwenye sufuria ya kupikia wali, na siku tatu zilizofuata walikula tambi za dukani.

Aliporudi Stockholm, kikundi kilikutana Tensta, sebuleni kwa Getrude, kuona picha kwenye televisheni. Getrude alikuwa amepika pilau na kuita watu zaidi ya kawaida. Picha zilikuwa mia nne na kumi na mbili, nazo Muthoni alizipanga mwenyewe, soko la maua kwanza.

Ya kwanza ilikuwa mashina. Ya pili, mashina, kwa karibu zaidi. Ya tatu, mkono wa mtu umeshika mkasi.

"Zinaanza polepole," Getrude akawatuliza wenzake.

Picha ya hamsini ilikuwa kadibodi. Ya sabini na moja ilikuwa kadibodi ileile, imefungwa vizuri zaidi, na Muthoni akaisimamisha kwa dakika tano kuwaeleza faida zake.

"Mon Dieu," Concessa akanong'ona, "hata kidole chake kimo."

"Mama Eve, shoga yangu," Getrude akasema hatimaye, ameshika kiuno, "umekwenda mji wa maua, umekaa siku kumi, umepiga picha za chini tu. Vichwa viko wapi? Jamani, hawa watu wamekuja na watoto!"

Wakaangua kicheko, na Muthoni akacheka nao, akaendelea kubonyeza. Jakaranda ikapita, na uso wake wa kusubiri basi, wakashangilia. Tausi akapita, na hapo akawasimulia filimbi, wakashika mbavu. Kisha ikaja picha ya mawaridi ishirini kwenye sufuria ya wali, yamepigwa kwa mbele, dirishani, vichwa vyote ndani. Iliyofuata ilikuwa hiyohiyo, asubuhi. Iliyofuata, hiyohiyo, yamefunguka zaidi. Zilikuwa kama kumi na tano.

"Na haya?" Getrude akauliza.

"Haya ni yangu," Muthoni akasema, akabonyeza ijayo.

Baada ya pilau, Getrude alimvuta jikoni, akafunga mlango. Mpwa wake Asteria alikuwa anaolewa Juni, ukumbi ulishapatikana mtaa wa jirani wa Spånga, lakini mapambo bado. Asteria alitaka maua halisi, mengi, na hakuna aliyejua aanzie wapi.

"Mimi ni wa kukagua tu," Muthoni akasema. "Kupamba sijui."

"Basi utakagua. Kupamba tutapamba sisi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Alhamisi moja ya Juni, akina mama saba walijikuta kando ya barabara nje ya Märsta, katikati ya lupini, maua ya porini ya rangi ya zambarau na ya waridi, zilizosimama mpaka kiunoni. Waswidi wanazichukia kwa jinsi zinavyoenea na kuyaua maua mengine, kwa hiyo hakuna aliyewakataza kuzikata. Concessa alikuwa amevaa viatu vya harusi ili kuvizoesha. Muthoni alikuwa na kipande cha ubao alichokichora mistari kwa kalamu, amekaa kwenye kiti cha kukunja, na kila mmoja alimletea alichokata.

"Hili sitini, vizuri. Hili hamsini. Getrude, hili nini?"

"Ni lupini."

"Ni fupi. Weka kule."

"Lakini zuri!"

Muthoni akalichukua, akalizungusha mbele ya jicho lake, juu hata chini. "Zuri," akakubali. "Weka kule." Getrude akatazama upande ule: lundo la mafupi lilikuwa limewekwa kivulini, kwenye kitambaa chenye maji, limefunikwa kwa ile kofia ya jua. Lundo la sitini lilikuwa juani.

"Madamu Msimamizi," Getrude akasema, "sisi hatujapewa chai tangu saa tatu."

"Mtakunywa mkifika mafungu arobaini."

Akina mama wakalalamika kwa Kiswahili cha nchi tatu. Mwaura, aliyekuwa ameagizwa vyombo vya kubebea, akafika na gari akiwa na mabeseni manne ya kufulia. Muthoni akayanusa moja moja, akakuta mawili yana sabuni, akamrudisha akayaoshe. Mwaura akaondoka, ameshika beseni kila mkono, na wale mama saba wakamsindikiza kwa kicheko mpaka garini.